Kizibo Kilichokohoa

Sokwe huguna, hupiga mayowe, hata hucheka. Miaka sita nimekaa na masikio yangu juu ya Mlima Nyamuhoza, na sijawahi kumsikia akikohoa mara tatu mfululizo kama mzee aliyeamka na kifua. Asubuhi ile nilimsikia. Nilivua visikilizio, nikavifuta kwa pindo la kanga, nikavivaa tena. Kikopo namba saba. Khoo, khoo, khoo.

"Nani tena huyo kapanda mlimani?" nilisema peke yangu, maana wazo la kwanza lilikuwa ni mtu. Hata mashine ilifikiri hivyohivyo. Kwenye kioo chake Mizani ilikuwa imeandika: SAUTI YA BINADAMU. IMETUPWA.

Nikafungua pipa la taka la Mizani. Sipendi kulifungua, ni kama kupekua mfuko wa mtu, lakini nilifungua. Vikohozi sitini na moja. Vya siku mbili, vyote vya namba saba, vyote vimetupwa. Nikasikiliza cha kumi na tisa mara mbili. Baada ya kukohoa kulikuwa na pumzi, kisha mguno mdogo wa chini, ule ambao mama humgunia mtoto aliye mgongoni. Kifua kilekile, pumzi ileile. Mguno huo naujua kuliko mlio wa simu yangu.

"Mama Kishungi," nikasema. "Jamani, Mama Kishungi, una nini?"

Mimi naitwa Skolastika Nyandwi. Ni msikilizaji wa Nyamuhoza, huku Kigoma, na kazi yenyewe ni ya kukaa, nami sijui kukaa. Kiti cha chumba cha kusikilizia nimekivunja mara mbili kwa kutikisa miguu. Vikopo vyetu viko ishirini na viwili, vimefungwa mitini kuanzia mashamba ya michikichi hadi kileleni. Kila kimoja kinarusha sauti kwangu, Mizani inachambua: huyu ndege, huyu nyani, huyu sokwe, huyu mtu mwenye shoka. Sauti ya sokwe ya alfajiri inakwenda kwenye vizibo, kila shamba likipata ya kikopo kilicho jirani nalo. Fungua chupa ya mawese ya Nyamuhoza popote ulipo, Tabata, Mombasa, au huko Ulaya kwenye baridi, na kizibo kitakupa sekunde ishirini za mlima wetu wa asubuhi hiyohiyo. Kikiwaka kijani, sokwe wapo. Wakikaa kimya siku tatu, kinageuka njano. Siku ya saba chekundu, na chupa nyekundu hakuna mwenye duka anayeiacha rafuni.

Mwenye akili aliyevibuni vizibo alikuwa na sababu. Kabla sijazaliwa, watu wa mbali walisikia kwamba mawese yanamaliza wanyama, wakagoma. Hawakuuliza mawese ya wapi wala yamelimwaje. Waligoma yote, wakahamia mafuta mengine. Sasa ekari moja ya michikichi inatoa mafuta ambayo alizeti ingetaka ekari tano, sita. Misitu iliyofyekwa ili wenye huruma wakaangie viazi vyao, usiseme. Basi vizibo vikaletwa, kila mtu asikie mwenyewe kama msitu wa chupa yake uko hai. Jambo jema kabisa. Tatizo ni kwamba wanunuzi walinogewa.

Wifi yangu Perusi wa Tabata hununua chupa mbili. Moja ya kupikia, ya pili ya kufungua na kufunga tu, kabla ya chai. "Wifi," aliniambia juzi, "zile za namba saba ndizo tamu, wanashangilia mpaka raha. Zile nyingine wamenuna." Wala si yeye peke yake. Madukani watu walikuwa wakigonga vizibo, wanasikiliza, wanaacha, wanagonga kingine, kama mtu anayechagua tikiti maji. Chupa zenye shangwe ziliondoka asubuhi. Zenye mguno mmoja wa mbali zilibaki, japo ni za kijani vilevile na mafuta yake ni yaleyale.

Shamba linalopakana na namba saba ni la Shangazi Zilpa, aliyenilea tangu nina miaka minne.

*

Nilipanda mbiombio, barakoa usoni kama sheria inavyotaka, jasho likinitoka kila mahali. Kutoka chumba changu hadi namba saba ni saa moja kwa mtu mwenye subira. Mimi nilitumia nusu.

Kitu cha kwanza kukiona kilikuwa majani ya mgomba. Yalitandikwa chini ya mti wenye kikopo, yamefutwa vumbi, yamepangwa kama ya kupokelea posa. Juu yake kulikuwa na kikapu kipya chenye ukingo mwekundu, na ukingo mwekundu husukwa na mtu mmoja tu katika kijiji chetu. Ndani machikichi, nusu yameliwa. Nikaminya moja kwa kidole cha glavu likabonyea. Lilichemshwa.

"Ee Mungu wangu," nikasema.

Hapa lazima nieleze jambo letu. Tangu enzi za mabibi, anayekata mikungu ya michikichi huacha mmoja kileleni, unaitwa fungu la jirani. Jirani ni sokwe. Mkwezi anateremka bila kusema neno, jirani anakuja kwa wakati wake, anakula, na shamba halichezewi. Kisha michikichi mirefu ikaondolewa, ikaja hii mifupi ya kisasa unayoikata ukiwa umesimama, na fungu la jirani likakosa pa kukaa. Wengi walilisahau. Shangazi Zilpa hakulisahau. Alilishusha chini. Na kikishakuwa chakula cha chini, kwake hicho ni chakula cha mgeni, na mgeni kwetu hapewi kibichi. Hupikiwa. Mpishi huuma tunda la kwanza mbele ya wote, halafu hulirudisha juu ya mengine, ili mgeni aone kwamba halina sumu.

Nililiona tunda lenyewe. Lilikuwa limeangukia pembeni ya kikapu, lina alama za meno. Shangazi ana pengo mbele, upande wa kushoto. Alama nazo zilikuwa na pengo.

Nilisikia khoo nyuma ya kichaka, nikachuchumaa. Mama Kishungi alikuwa ameegemea shina, lile shungi lake la nywele juu ya paji limelala kwa unyevu, kamasi zinamtiririka mpaka kwenye mdomo. Aliniangalia. Hakukimbia, hakupiga yowe, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi, kwa sababu Mama Kishungi ni mkali, mwaka jana alinirushia jiwe. Mtoto wake Kinywele, wa miaka miwili, alikuwa akimvuta sikio ili wacheze. Mama alimsukuma kwa nguvu kidogo alizokuwa nazo. Mtoto akarudi, akamlamba mdomo.

"Toka hapo, wewe!" nilinong'ona nikilia. "Kinywele, toka!"

Ataelewaje?

*

Banda la kukamulia lilikuwa na mvuke na kelele. Shangazi Zilpa alisimama kwenye pipa la kuchemshia akikoroga kwa mti mrefu, kichwani kafunga kitambaa cha bluu. Ni mwanamke mnene, mcheshi, anayependwa na kila mtu, na yeye ndiye mwenyekiti wa umoja wetu wa wakamuaji.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba mwanangu. Mbona na barakoa? Tumekuwa uchafu siku hizi?" Alicheka, na kicheko kikageuka kikohozi. Khoo, khoo, khoo. Aliinama mpaka akashika ukingo wa pipa.

"Kifua hicho kina siku ngapi?"

"Wiki hivi. Mafua tu, ya vumbi."

"Machikichi ulimpikia nani?"

Mkono wake uliacha kukoroga. Aliwaambia wenzake waendelee, akanishika kiwiko, akanitoa nje hadi kwenye lundo la makapi.

"Nilimpikia jirani," alisema. "Kuna ubaya?"

"Ubaya! Shangazi, wanakohoa! Mama Kishungi kamasi mpaka kidevuni! Mafua yetu kwao si mafua, kwao ni msiba, unalijua hilo, umelihubiri wewe mwenyewe mikutanoni!"

"Punguza sauti."

"Na ukauma tunda ukawarudishia!"

"Sasa nimpe mgeni chakula ambacho sijakionja?" Alisema hivyo kweli, kwa hasira kabisa, kama mimi ndiye niliyekosa adabu. Kisha nikaona uso wake unabadilika, polepole, tunda lile likimrudia akilini. Akafunika mdomo kwa kiganja.

Mimi sikuweza kusimama mahali pamoja, nikawa nazunguka lundo lile kama kuku.

"Wewe ulikuwa Kasulu kwenye semina yako," alisema baadaye. "Walinyamaza siku sita, Skola. Sita! Kizibo njano. Siku ya saba chekundu, na kikikaa chekundu mwezi mzima, mlima unaondolewa ulinzi. Wale wa Bonde Jipya trekta zao ziko pale chini, unaziona ukichota maji. Wanataka alizeti mpaka kileleni. Sokwe kumi na mmoja wangekwenda wapi? Nilipeleka kikapu siku hiyo. Wakaja, wakashangilia. Halafu chupa zetu zikaanza kugombewa, na nikaona nikiacha, watanyamaza tena."

"Sokwe hunyamaza kiangazi. Wanakwenda ng'ambo ya bonde kutafuta tini. Hunyamaza, kisha hurudi."

"Kaviambie vizibo hayo."

Nilipiga teke lundo la makapi.

"Tia sauti ya akiba," alisema. Hakunitazama. "Siku kumi na nne unaruhusiwa."

Ni kweli. Kikopo kikiharibika, msikilizaji anaruhusiwa kupeleka sauti iliyotunzwa, siku kumi na nne, mpaka fundi aje. Sauti yetu ya akiba ni ya Mama Kishungi mwenyewe, miaka mitatu iliyopita, asubuhi aliyokutana na dada yake aliyepotea masika yote. Ni yowe la furaha ambalo hata mimi, niliyechoshwa na mayowe, hunisimamisha vinyweleo.

"Na wewe?" nikamuuliza. "Ikijulikana?"

Aliinua mabega. Sisi wote tunaijua kanuni: anayemlisha sokwe anatolewa kwenye umoja, na shamba lake halipewi kizibo tena. Ana miaka sitini na tatu, hajui kazi nyingine, hana mtu mwingine ila mimi.

"Usiku huu sitapika kitu," alisema, akarudi bandani akikohoa.

*

Nilimpigia Daktari Adventina, daktari wa wanyamapori wa wilaya. Hakupoteza muda kwa salamu.

"Wangapi?"

"Nimemwona mmoja. Ana mtoto."

"Sikiliza, Skolastika. Mafua ya watu yako ya aina nyingi, na dawa ya huyu si ya yule. Nikimpata mtu aliyewaambukiza, nikampima kwa kijiti puani, baada ya saa mbili tu nitajua nije na dawa ipi, nitaitia kwenye tunda, basi. Nisipompata, itabidi nimpige mama sindano ya usingizi ili nimpime yeye. Kwa hali hiyo anaweza asiamke. Nani kapanda huko?"

Nilitazama ukutani. Kuna picha yangu na Shangazi pale, siku niliyopewa cheti, kanivalisha shada la maua, anacheka na pengo lake.

"Sijui," nikasema.

Nilidanganya hivyo, kwa sauti ya kawaida kabisa. Daktari alishusha pumzi, akasema atafika kesho na sindano ya usingizi.

Hata sijakaa sawa, Fahima akapiga. Fahima yuko Dar es Salaam, ndiye anayesimamia vizibo vya mashamba yote ya ukanda wetu. Ni mtu mzuri, mwenye haraka ya mjini.

"Dada Skola, mbona namba saba leo ni mguno mmoja tu? Watu wananiandikia. Kuna mama ana mtoto haendi shule mpaka asikie shangwe."

"Sokwe wanaumwa."

Nilisikia feni yake inazunguka. "Wanaumwa sana?"

"Sana."

"Basi weka akiba, dada yangu. Tafadhali. Wateja hawawezi kubeba habari kama hiyo. Watachagua chupa nyingine, na wewe unajua chupa nyingine maana yake ni nini. Wakipona, tunarudi kwenye sauti ya kweli. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Sawa, wewe utajua. Lakini mlima utakuwa umesimama."

Alikuwa na hoja, ndiyo maana nilitamani kumrushia simu. Nilikaa mbele ya Mizani nikitikisa miguu mpaka kiti kikalia. Nikitia akiba, kizibo kijani, watu wanagonga wanatabasamu, Perusi anakunywa chai yake, na Mama Kishungi anakufa huku anashangilia kwenye majiko ya watu. Nikiiacha Mizani iendelee kutupa vikohozi, na mguno nao ukiisha, chekundu. Na chekundu kinasema hawapo. Uongo huo nao! Wapo. Wanaumwa.

Ndipo jicho langu likaangukia tena maneno yale: SAUTI YA BINADAMU. IMETUPWA.

Mizani haikuwahi kufundishwa kwamba sokwe anaweza kukohoa. Lakini Mizani ina kanuni moja juu ya zote: sikio la msikilizaji ndilo la mwisho. Nikafungua pipa la taka, nikachukua kikohozi cha kwanza, nikafuta BINADAMU, nikaandika SOKWE. Ikauliza: una hakika? Nikabonyeza ndiyo. Cha pili. Una hakika? Ndiyo. Nilifanya hivyo mara sitini na moja. Kuanzia alfajiri inayofuata, kila kikohozi cha namba saba kingekwenda kwenye vizibo kama sauti nyingine yoyote.

"Wanataka kumsikia," nikaiambia mashine. "Wamsikie."

*

Asubuhi nilimkuta Shangazi jikoni kwake. Alikuwa amechemsha maharage, kakata kitunguu, na chupa ya mawese iko mkononi. Sikumwambia nilichofanya. Nilisema shikamoo, akaitika, akazungusha kizibo.

Kiliwaka kijani.

Khoo. Khoo, khoo.

Aliganda. Sekunde ishirini ni ndefu sana jikoni. Kulikuwa na ndege, kulikuwa na upepo, kukawa na khoo nyingine nzito, na ile pumzi, na ule mguno wa mama kumgunia mtoto. Halafu, mwishoni kabisa, ikaja khoo nyingine. Nyembamba. Fupi, kama mtu anayejaribu kuiga.

Na mimi ndiyo kwanza naisikia. Nikakaa juu ya gunia la mahindi.

"Huyo ni nani?" Shangazi aliuliza. "Huyo wa mwisho?"

"Kinywele."

Simu yangu ikalia. Perusi, anapiga kelele kama nyumba inaungua. "Wifi! Chupa yangu inakohoa! Na ya jirani yangu inakohoa! Watu wako dukani wameshika chupa hawajui wafanye nini. Nifanyeje mimi? Niache kununua?"

"Usiache," nikasema. "Ukiacha wewe, keshokutwa hapa ni alizeti mpaka kileleni. Nunua. Ila usikigonge kizibo. Usichague mwenye furaha. Siku ukifungua ukakuta kimya, pika, ule, mshukuru Mungu kwamba wamekwenda kutafuta tini zao. Mwambie na jirani. Mwambie kila mtu hapo dukani."

"Kimya tu? Sasa nitajuaje kama wapo?"

"Nitakuwa najua mimi. Ndiyo kazi yangu."

Nilipokata, Shangazi bado alikuwa na chupa mkononi. Alikifunga kizibo, akakifungua tena. Kikakohoa tena, mama, kisha mtoto. Akajaribu kusema neno, kifua kikambana, naye akakohoa, khoo, khoo, khoo, na mle jikoni sikuweza kutofautisha kipi cha mlimani na kipi chake. Na yeye alisikia. Nilimwona anasikia.

Alizima jiko. Maharage hayakuwa yameungwa.

"Ulimwambia daktari nini?" aliuliza.

"Kwamba simjui aliyewaambukiza."

"Kwa ajili yangu."

"Ndiyo."

"Mjinga wewe," alisema, kwa upole ambao hakuwahi kunisemea hata nilipokuwa mdogo. Akanyoosha mkono. "Nipe simu."

"Shangazi, watakutoa kwenye umoja. Shamba halita..."

"Nipe simu, Skola. Mtoto ana mafua."

Nikampa. Alisimama katikati ya jiko, akajifunika pua na mdomo kwa ncha ya kanga kana kwamba daktari angeambukizwa kupitia simu, akanyooka kama anavyonyooka akifungua mkutano.

"Daktari? Mimi ni Zilpa Nyandwi, wa shamba la namba saba. Mpishi ni mimi. Niliwapikia, nikaonja kwa meno yangu, nikawapa, siku tano, na kifua kikiwa kinaniuma. Hiyo sindano yako ya usingizi iache. Njoo na kijiti, uanzie kwangu."

Akasikiliza kidogo. "Ndiyo," akasema. "Andika jina langu lote."

Alinirudishia simu, akachukua kigoda, akakaa nje mbali na mlango, peke yake, akisubiri gari.